Usinipe Jina la Kitabu Tu, Nipe na Mwaka Wake

Kila mwaka ukianza, makundi ya WhatsApp ya vyuoni hujaa orodha. "Vitabu kumi vya sayansi ambavyo lazima usome." Chini yake kuna mafaili ya PDF, alama za moto, na hakosekani mtu mmoja anayeapa kwamba mwaka huu atamaliza vitabu 52, kimoja kila wiki. Ni jambo zuri. Wale wanaosema vijana hawasomi, nadhani hawajaingizwa kwenye makundi hayo.

Lakini hebu zitazame vizuri orodha zenyewe, ndugu msomaji. Kila kitabu kimepewa mstari mmoja: jina la kitabu, jina la mwandishi, halafu neno moja la sifa. "Balaa." "Kitakubadilisha maisha." "Usipokisoma umekosa." Mwaka wa kitabu hauandikwi. Hakuna anayesema alikisoma mpaka wapi, wala kama yaliyomo bado yanakubalika na wenye fani yao. Unapewa kitabu kama unavyopewa andazi: kula, ni tamu.

Kwa riwaya, mtindo huo hauna madhara makubwa. Riwaya nzuri ya mwaka 1970 haiwezi kukanushwa na jaribio la mwaka 2012. Kitabu cha sayansi kinaweza. Kinachoandikwa humo ni hali ya ujuzi ilivyokuwa siku kitabu kilipoingia mtamboni. Kuanzia siku hiyo kitabu kinabaki pale pale, na utafiti unaendelea na safari. Kwa hiyo anayekupendekezea kitabu cha sayansi bila kukwambia kimeachwa nyuma umbali gani, amekupa nusu ya pendekezo. Nusu nyingine ndiyo hoja ya makala hii.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wa ziada, kwa sababu ya namna vitabu vinavyotufikia. Kitabu kipya cha sayansi dukani ni ghali kwa mwanafunzi. Wengi wetu tunasoma vitabu vya mtumba vilivyotandazwa kando ya barabara Dar es Salaam na Nairobi, vitabu vya msaada vilivyofika maktaba kwa maboksi, au PDF ambazo hakuna ajuaye zimetoka wapi. Hakuna aibu hapo, bei inashikika na kusoma kunaendelea. Ila ina maana moja: mara nyingi kitabu kinafika mikononi mwetu kikiwa tayari kina umri. Mtu wa kutuambia umri huo ni yule anayetupendekezea. Akinyamaza, tunasoma ya jana tukidhani ni ya leo.

Nichukue vitabu vinne ambavyo viko kwenye orodha hizo au mawazo yake yanatembea mtaani. Kila kimoja kimepata majaliwa tofauti baada ya kuchapwa, na kwa hiyo kila kimoja kinahitaji pendekezo la aina yake.

Kitabu ambacho mwandishi wake hakitaki tena

Umeshasikia habari za "mwanaume alfa". Ziko kwenye video fupi, kwenye semina za kujijenga, hata kwenye ushauri wa ndoa. Inadaiwa kwamba kwenye kila kundi la mbwa mwitu kuna dume mmoja aliyepigana hadi akawa mkuu, na kwamba wanaume nao wameumbwa hivyo. (Hapa nazungumzia mbwa mwitu wa kijivu wa nchi za kaskazini. Hawa wetu wenye mabaka, wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ni jamii nyingine.)

Wazo hilo lilisambazwa sana na kitabu kiitwacho The Wolf, kilichoandikwa na L. David Mech na kutoka mwaka 1970. Kilikuwa kitabu cha heshima kubwa, na kwa sehemu kubwa kilikusanya tafiti zilizokuwepo wakati huo. Moja ya tafiti hizo ilikuwa ya Rudolf Schenkel, ya mwaka 1947, iliyofanywa kwa mbwa mwitu waliofungiwa kwenye bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Ukiwafungia pamoja wanyama wasiojuana wala hawana pa kukimbilia, kweli watagombea ukubwa. Jaribu kufungia watu kumi wasiojuana kwenye chumba kimoja uone.

Baadaye Mech mwenyewe akaenda kukaa karibu na mbwa mwitu wa porini, kwenye kisiwa cha Ellesmere kaskazini mwa Kanada, majira ya joto mwaka baada ya mwaka. Akakuta kitu kingine kabisa. Kundi la porini kwa kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao wa miaka tofauti. Wale wakuu hawakushinda vita yoyote ili wawe wakuu. Walizaa tu. Watoto wakikua, wanaondoka kwenda kuanzisha familia zao. Mwaka 1999 akachapisha makala ya kitaaluma akieleza kwa nini neno "alfa" linapotosha kwa makundi kama hayo. Kisha akatumia miaka mingi kumwomba mchapishaji aache kukichapa kitabu chake cha 1970. Mwaka 2022 kikaacha kuchapwa.

Tafakari kidogo: mwandishi anaomba kitabu chake kisiuzwe, na wazo lake linaendelea kuuzwa bila yeye. Anayeshusha mada ya "alfa" leo hajakosa kusoma. Mara nyingi amesoma, au amemsikiliza aliyesoma, ila hakuna mtu kwenye mnyororo huo aliyeuliza swali dogo: tangu 1970 huyu mwandishi amesema nini?

Pendekezo sahihi la The Wolf si kulifuta jina lake. Ni kusema hivi: kisome kama unataka kujua watu waliwaelewaje mbwa mwitu miaka ile, halafu uambatanishe na makala ya 1999. Usikitumie kulelea watoto wala kufundishia mbwa wa nyumbani.

Kitabu ambacho hadithi yake iliendelea baada ya ukurasa wa mwisho

Cha pili ni cha nyumbani, In the Shadow of Man cha Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91. Kilitoka mwaka 1971. Kinasimulia jinsi alivyofika Gombe, Kigoma, Julai 1960, akiwa na miaka 26, na jinsi baada ya miezi michache alivyomwona dume aliyemwita David Greybeard akitumbukiza majani membamba kwenye kichuguu na kuvuta mchwa. Wakati huo wataalamu wengi walifundisha kwamba binadamu ndiye kiumbe pekee atengenezaye zana. Kichuguu kimoja cha Gombe kikawalazimisha kufikiri upya.

Ni kitabu kizuri, na nakipendekeza bila kusita. Uzuri wake mkubwa ni kwamba kinakuonyesha utafiti ukifanyika: siku nyingi za kukaa na kutazama bila kuona kitu, sokwe wanaokimbia, malaria, subira. Mwanafunzi anayedhani sayansi ni koti jeupe na chupa za kioo atakifaidi sana.

Tatizo ni mwaka. Kitabu kilitoka 1971. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970 kundi la sokwe la Kasakela lilikuwa likigawanyika, na sehemu yake ikaenda kusini na kuitwa kundi la Kahama. Mwaka 1974 madume wa Kasakela wakaanza kuwavamia wenzao wa Kahama mmoja mmoja, wakiwapiga hadi kuwaua. Ilipofika 1978 kundi la Kahama lilikuwa halipo tena. Hawa walikuwa sokwe waliowahi kula pamoja na kuchambuana chawa.

Goodall hakuyaficha hayo. Aliyaandika kwa kirefu kwenye kitabu chake kikubwa cha kitaaluma cha 1986, The Chimpanzees of Gombe, na tena kwa wasomaji wa kawaida kwenye Through a Window cha 1990, akikiri jinsi ilivyomuwia vigumu kuwaona tena sokwe kwa jicho lile la zamani. Lakini msomaji aliyeishia kwenye kitabu cha 1971 atabaki na sokwe wapole, wenye ugomvi wa hapa na pale tu. Hajadanganywa. Ameondoka kabla sinema haijaisha.

Na sinema haikuishia 1990 pia. Wapo watafiti waliouliza kama vita vile vililetwa na binadamu, maana sokwe wa Gombe waliwahi kulishwa ndizi kambini ili wazoee watu, na chakula cha bure huleta msongamano na fujo. Ni swali zuri, hata kwenye misiba yetu tunalijua. Mwaka 2014 jarida la Nature likachapisha utafiti uliojumlisha kumbukumbu za miongo mitano kutoka makundi 18 ya sokwe, pamoja na makundi manne ya bonobo, na ambao ulihesabu mauaji 152 yaliyofanywa na sokwe, mengine yakiwa yameshuhudiwa na mengine yakikisiwa kwa ushahidi. Kiasi cha kuingiliwa na binadamu hakikueleza tofauti kati ya makundi. Idadi ya madume na msongamano wa sokwe wenyewe vilieleza vizuri zaidi.

Kwa hiyo ukinipendekezea kitabu hiki, niambie: anza na cha 1971, lakini usiweke chini mpaka umesoma na cha 1990. Sentensi moja tu hiyo, na umeniokoa na picha ya nusu.

Kitabu chenye vyumba vizima na vyumba vinavyovuja

Cha tatu hakikosekani kwenye orodha hata moja: Thinking, Fast and Slow cha Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Kilitoka mwaka 2011. Watu wengi wanakipendekeza, wachache wanakimaliza. Ni kinene, na sura zake za mwisho zinataka utulivu.

Sura ya nne inaeleza majaribio ya kushangaza kuhusu jinsi maneno yanavyochochea tabia bila mtu kujua. Maarufu zaidi ni lile la John Bargh na wenzake, lililochapishwa 1996. Wanafunzi walipewa maneno yanayohusiana na uzee wayapange kuwa sentensi, na ikadaiwa kwamba wakitoka chumbani walitembea polepole kuliko wenzao kwenye korido. Kahneman aliyaamini matokeo ya aina hii kiasi cha kumsisitiza msomaji kwamba hana namna ila kuyakubali.

Mwaka 2012 watafiti wa Brussels wakalirudia jaribio hilo kwa watu 120, wakipima mwendo kwa vihisi vya miale badala ya mtu mwenye saa mkononi. Hawakuona tofauti. Wakafanya jaribio la pili, safari hii wasimamizi wenyewe wakiwa wameandaliwa kutarajia matokeo fulani. Mwendo wa polepole ukaonekana pale tu msimamizi alipokuwa anautarajia. Mwaka 2015 mradi mkubwa wa kurudia tafiti 100 za saikolojia ukaleta habari mbaya zaidi: asilimia 97 ya tafiti za awali zilikuwa zimeripoti matokeo yenye uzito wa kitakwimu, lakini ziliporudiwa ni asilimia 36 tu zilizopata hivyo.

Kahneman hakujifanya hajui. Mwaka 2012 huo huo aliwaandikia watafiti wa eneo hilo barua ya wazi akiwahimiza wasafishe nyumba yao, na mwaka 2017 akakubali hadharani kwamba aliziamini mno tafiti zilizofanywa kwa watu wachache. Ni jambo la heshima. Wangapi wenye jina kama lake wangefanya hivyo?

Sasa, je, tukitupe kitabu? Hapana, na hapa ndipo wakosoaji wengine wanapoteleza upande wa pili. Mwaka 2014 mradi mwingine wa kurudia majaribio, uliohusisha sampuli 36 na watu zaidi ya 6,000, ulipima matokeo 13 ya kisaikolojia. Kati ya yaliyosimama imara ni lile la nanga: namba ya kwanza unayosikia huyavuta makadirio yako kuelekea kwake, hata kama haina uhusiano na jambo lenyewe. Hilo ni moja ya nguzo za kitabu cha Kahneman, na ukitaka kulielewa haraka nenda Kariakoo kanunue viatu. Bei ya kwanza anayotaja muuzaji ndiyo nanga, na utajikuta unafurahia kupunguziwa kutoka bei ambayo haikuwahi kuwepo. Kwenye mradi huo huo, majaribio mawili ya kuchochewa bila kujua, moja la picha ya bendera na moja la picha ya fedha, hayakusimama.

Yaani ndani ya jalada moja kuna vyumba vizima na vyumba vinavyovuja. Mpendekezaji mzuri anakwambia mvua inaingilia wapi: soma sehemu za nanga, za hofu ya kupoteza, za namna swali linavyoulizwa, ukifika sura ya nne, soma kama historia. Anayekwambia "kitabu balaa, soma chote" na anayekwambia "kilishakanushwa hicho, achana nacho" wote wawili wamekunyima habari ile ile.

Kitabu kinachosingiziwa

Cha nne ni Silent Spring cha Rachel Carson, cha mwaka 1962. Hiki ndicho kitabu kilichowafungua macho Wamarekani kuhusu dawa za kuua wadudu, hasa DDT, zilizokuwa zikimwagwa kutoka kwenye ndege mashambani na vitongojini. Carson alifariki 1964, na mwaka 1972 Marekani ikapiga marufuku matumizi ya DDT katika kilimo.

Kwa huku kwetu kitabu hiki kina kesi ya peke yake. Utamkuta mtu anayekipendekeza kama kitabu kilichothibitisha kwamba DDT ni sumu isiyofaa popote. Utamkuta na mwingine anayekilaani, akisema Carson ndiye aliyesababisha Waafrika wafe kwa malaria kwa kuwanyima DDT. Wote wawili ukiwauliza ukurasa, wanaanza kutafuta miwani.

Carson hakudai kwamba dawa za wadudu zisitumike kabisa. Alipinga kuzimwaga kila mahali bila kujua zinaishia wapi. Na katika jambo linalotuhusu sana, alitumia sura nzima kuonya kuhusu usugu: ukinyunyiza ovyo, wanaobaki hai ni wadudu wasiosikia dawa, na hao ndio wanaozaa kizazi kinachofuata. Wakiwemo mbu. Yeyote aliyefuatilia habari za mbu wanaozoea dawa za kwenye vyandarua anajua onyo hilo halijazeeka.

Kuhusu marufuku, ukweli uko wazi kwenye hati. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, unaodhibiti kemikali zinazodumu muda mrefu kwenye mazingira, unaruhusu DDT itumike kupambana na wadudu waenezao magonjwa. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuunga mkono upuliziaji wa dawa ndani ya nyumba, DDT ikiwemo. Kumwaga shambani na kupulizia ukuta wa chumba ni mambo mawili tofauti, na Carson alikuwa anapigana hasa na lile la kwanza.

Hiki basi hakijaachwa sana na wakati kama vile viwili vya kwanza, ingawa maelezo yake ya saratani ni ya ujuzi wa wakati ule na hayafai kuwa mwongozo wa afya leo. Shida yake ni kwamba watu wanakipendekeza au kukilaani bila kukifungua. Pendekezo lake linahitaji onyo moja: sahau uliyoambiwa kukihusu, kisha anza ukurasa wa kwanza.

"Sasa mbona unatuua hamu?"

Najua kuna msomaji anayesema: jamani, watu hawasomi, wewe unataka tena waanze kukagua vyeti vya kuzaliwa vya vitabu! Acha wasome kwanza.

Hoja hiyo ina uzito, na sitaki kuidharau. Mtu wa kidato cha nne aliyeshika kitabu cha sayansi kwa hiari yake hastahili kupewa mtihani mlangoni. Lakini mzigo ninaousema hapa siwekei msomaji mgeni. Namwekea anayependekeza: wewe na mimi, wanafunzi wa uzamili na uzamivu, walimu, watu ambao tukisema "soma hiki" mtu anafungua pochi au anamaliza bando. Sisi ndio tunaoweza kuingia kwenye majarida. Tukishindwa kutumia nusu saa kuangalia kitabu kimepata majaliwa gani, nani atatumia?

Wala sisemi vitabu vya zamani vitupwe. Kitabu cha Darwin kuhusu asili ya spishi kilitoka 1859, kabla hata Mendel hajachapisha majaribio yake ya njegere mwaka 1866, na Darwin hakujua jinsi sifa zinavyorithiwa. Bado ni somo la namna ya kujenga hoja kwa ushahidi mwingi mdogo mdogo. Lakini hata hapo mwaka unasaidia. Kati ya 1859 na 1872 kilitoka katika matoleo sita, na Darwin alikuwa akibadilisha na kuwajibu wapinzani humo humo. Msemo maarufu wa kusalia kwa waliofaa zaidi haumo kwenye toleo la kwanza. Uliingia toleo la tano, mwaka 1869. Wasomaji wengi hupendelea toleo la kwanza kwa sababu hoja imenyooka. Kwa hiyo hata kwa Darwin, swali la kwanza si "umekisoma?" bali "toleo lipi?"

Kuhusu wale wa vitabu 52 kwa mwaka, nawaheshimu kwa nidhamu. Ila kasi hiyo inaacha nafasi ndogo sana ya kurudi nyuma. Vitabu 12 ambavyo kila kimoja umekifuatilia mpaka ukajua kimeishia wapi vitakufanya msomaji wa sayansi. Vitabu 52 vya kupitia mbio vinaweza kukufanya mtu wa nukuu.

Jinsi ya kufanya, bila kujitesa

Haya ni mazoea ambayo yanachukua muda mfupi, na unaweza kuanza nayo kwenye kitabu ulichonacho mkononi sasa.

Kwanza, fungua ukurasa ule wa haki za kunakili ambao wote tunauruka. Tofautisha mwaka wa kuchapwa na mwaka wa toleo. Kitabu kinaweza kuandikwa "kimechapwa 2019" na maneno yote ndani yakawa ya 1976. Kuchapwa upya si kuhaririwa upya.

Pili, chagua dai moja tu lililokushangaza zaidi. Moja, si yote. Andika jina la mtafiti na mada kwenye Google Scholar, kisha bofya orodha ya waliomnukuu na uchague miaka ya baada ya kitabu. Mara nyingi vichwa vya makala peke yake vitakuonyesha kama dai linajengwa au linabomolewa. Dai linaloshangaza kupita kiasi ndilo la kuanza nalo, maana hayo ndiyo huanguka kwa urahisi.

Tatu, angalia mwandishi ameandika nini baadaye. Mech, Goodall na Kahneman wote walirudi kwenye mada zao na kuzirekebisha. Huhitaji adui wa mwandishi ili ujue udhaifu wa kitabu, wakati mwingine mwandishi mwenyewe amekueleza.

Nne, sema ulisoma mpaka wapi. Hakuna aibu kusema "nilisoma sura sita za kwanza". Aibu ni kusifia hitimisho ambalo hukulifikia.

Tano, sema unampa nani na kwa nini. Kitabu kizuri kwa mwanafunzi wa biolojia kinaweza kumchosha mhasibu, na kinyume chake.

Ukiyaweka pamoja, pendekezo linakuwa na mistari mitano hivi. Nianze mimi, ili usiseme nimebaki kuhubiri:

"Through a Window, Jane Goodall, 1990. Nimekisoma chote. Kinaendeleza pale kitabu chake cha 1971 kilipoishia, na ndani yake kuna vita vya Kasakela na Kahama. Tangu kitoke, utafiti wa 2014 kwenye Nature umelijibu kwa kiasi kikubwa swali la kama ndizi za kambini ndizo zilizoleta vita hivyo, kwa hiyo usome na huo. Kinamfaa yeyote anayetaka kuona utafiti wa miaka 30 unavyobadilisha mawazo ya mtafiti mwenyewe. Asiyependa habari za wanyama kuuana ajiandae."

Ni sekunde 40 za kusoma. Linaenea kwenye ujumbe mmoja wa simu, na aliyelipokea anajua anachoingia nacho. Sasa chukua kitabu cha mwisho cha sayansi ulichompendekezea mtu. Tafuta mwaka wake, fuatilia dai moja, kisha mrudie yule uliyempa umwambie ulichokikuta.